Mchezo wa Kabatini

Tainan, 6 Septemba 2009

Kwako Dada Erlinda,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa kitako, maana ukiisoma umesimama jikoni utaunguza wali. Shemeji Nestor hajambo? Goti la Mama limepoa, au bado anang'ang'ania kwenda kanisani kwa miguu? Mimi mwili mzima na chakula kinapita. Ila nina hasira, Dada, na wewe ndiye uliyezichokoza, kwa hiyo nivumilie.

Umeniandikia kwamba Bibi Liao, mwenye shule ya chekechea, amekupigia simu hadi huko nyumbani Laoag akalia, akasema watoto wananiulizia kila siku, na kwamba wewe, bila hata kunitajia, umemjibu nitarudi kazini mwezi ujao. Tena umeshamtangazia Mama, padri na mtaa mzima. Nani alikutuma? Nina miaka thelathini na miwili, bado unanijibia kama siku ile uliponichagulia gauni la komunyo. Na juu yake ukanisimanga, eti nimewaacha watoto walionipenda nikaenda kumwogesha bibi kizee wa watu kwa sababu ya kiburi, eti tangu utotoni mimi nikinuna nimenuna.

Habari za wale watoto usinifundishe. Miaka mitatu niliwavua viatu mlangoni nikawavisha ndara za ndani, na kila asubuhi hakukosekana mmoja aliyevaa ya kushoto kulia akaapa kwamba mama yake ndivyo alivyomwelekeza. Niliwafundisha kuhesabu Kiingereza kwa vipande vya viazi vitamu, na hatukuwahi kufika kumi, vinaliwa njiani. Na nilikuwa na Pin-yu, binti wa miaka minne, mdomo haupumziki. Kila siku alinifichia kipande cha kiazi mfukoni, akanipa baada ya usingizi wa mchana kikiwa kimejaa nyuzi za blanketi, na nisipokila mbele yake ananuna. Nilikila. Sijapata kuipenda kazi namna ile, wala sitaipata nyingine.

Sasa sikia. Unajua karatasi zangu za kibali zilisema nimekuja nchi hii kumhudumia mama mkwe wa Bibi Liao. Kufundisha sikuruhusiwa. Basi Bibi Liao akatunga mchezo. Kengele ikilia mara mbili, mimi mbio kabatini, kule yanakowekwa mablanketi ya watoto, na Mei-chu, mwosha vyombo, anakalia kiti changu. Mtu wa serikali akiuliza nani anawafundisha, jibu ni Mwalimu Mei-chu. Kila Ijumaa tulifanya mazoezi, na mtoto anayejibu bila kucheka anapewa peremende ya maziwa. Mwanamke mzima, msomi, anawafundisha watoto wa miaka minne uongo na kuwapigia makofi. Nilipolalamika aliniambia nisijitie utakatifu, mshahara wangu hauendi kanisani, unakwenda kununua dawa za mama yangu. Nikaendelea kuingia kabatini. Na nikuambie kweli, mchezo wenyewe ulikuwa unanichekesha.

Mwezi wa tano wakaja kweli. Tulikuwa tumemaliza kula, mablanketi yametandikwa chini, kabati tupu. Kengele ikalia mara mbili. Nikaingia, na kabla sijavuta mlango Pin-yu akajipenyeza miguuni pangu. Alitaka tushinde mchezo pamoja. Hapakuwa na muda wa kumtoa.

Walikuwa wawili. Mmoja, mwanamke, akasimama karibu kabisa na kabati akawauliza watoto viatu vyangu vyekundu pale mlangoni ni vya nani. Wakajibu kwa sauti moja kwamba ni vya Mwalimu Mei-chu. Pin-yu, ambaye siku zote za mazoezi hakuwahi kupata peremende, akavuta pumzi amsahihishe yule mama. Nikamziba mdomo.

Wewe nilikuambia niliacha kazi kwa sababu Bibi Liao alinitukana. Hakunitukana. Nilimziba mtoto kwa kiganja chote, na alipopapatika nikakaza. Nilikuwa nafikiria ndege ya kunirudisha, nafikiria goti la Mama. Pin-yu alikuwa na mafua, Dada. Pua ilikuwa imeziba tangu jana yake, na asubuhi ile mimi mwenyewe nilimpenga kamasi mara tatu. Nilijua. Alipoacha kupapatika nikadhani sasa ameuelewa mchezo, nikambusu utosini.

Walipoondoka nikafungua mlango, nikaona midomo yake imekuwa ya bluu. Mei-chu alimnyakua mikononi mwangu akampiga mgongoni, akampiga, akampiga, hadi akakohoa. Alipofumbua macho alinitazama mimi, akaniuliza kama tumeshinda. Nikamwambia tumeshinda. Bibi Liao akampa peremende.

Mama yake aliambiwa mtoto amezimia kwa mafua. Kesho yake alikuja na mfuko wa mapera, akaniinamia mbele ya watu wote, akanishukuru kwa kumtunza mwanawe. Niliyapokea. Nikayala yote, peke yangu.

Kwa hiyo mpigie Bibi Liao umwambie sirudi. Miezi minne nimemlaani yeye kila nikioga, na laana anastahili, lakini kile kiganja hakikuwa chake. Jumapili ijayo nakwenda nyumbani kwa kina Pin-yu, nimweleze mama yake kilichotokea kabatini. Huenda akaniitia polisi, huenda nikarudishwa, na dawa za Mama itabidi wewe na shemeji mzitafutie njia. Safari hii usinijibie.

Mfikishie Mama salamu zangu, na ukimsomea barua hii ishia kwenye viazi vitamu. Shemeji na watoto wote nawakumbuka kwa majina. Na huyo kitinda mimba wako, akishikwa na mafua, usimlaze kabla hujampenga.

Ni mimi mdogo wako,
Divina