Estrella ya Jangwani na Estrella ya Jeppestown

Jumanne, 8 Julai
Zipu saba, pindo nne, na sketi moja ya shule imerudishwa kwa mara ya pili. Mama mtu anadai inabana. Haibani, mtoto amekua. Baridi ya kukata masikio. Umeme ulikatika saa nne, nikamalizia kwa cherehani ya miguu.

Papa Ilunga, kinyozi wa mlango wa pili na mwenyekiti wa timu yetu ya mpira, kaja na jambo. Timu inatimiza miaka kumi. Anataka katibu aandike historia ya Estrella ya kwanza, ile tuliyorithi jina lake, isomwe kwenye sherehe. Katibu ni mimi, kwa kosa la kuwa na mwandiko mzuri. Nimekubali kwa sababu kukataa kungechukua muda zaidi.

Mwanzo ninaujua. Papa Ilunga alifungua robota la mitumba akakuta jezi kumi na nne za rangi ya shaba, zimeandikwa Estrella del Cobre. Alipoambiwa estrella ni nyota na cobre ni shaba, mtu wa Lubumbashi huyo, mji wa shaba, akasema timu imeshapata jina. Kabla ya hapo walikuwa wanaume wa mitaa yetu ya Berea na Jeppestown wanaopiga mpira Jumapili na kuumia.

Alhamisi, 10 Julai
Simu inatafsiri Kihispania kwa Kiingereza kibovu, nami natoa Kiingereza natia Kiswahili. Supu ya tatu ya mfupa mmoja. Hata hivyo nimepata kitu.

Estrella ilikuwa timu ya mji wa machimbo, jangwani, kaskazini mwa Chile. Wachimbaji waliianzisha wenyewe. Uwanja wao changarawe tupu, jani moja hakuna. Timu ngeni zilikuwa zinaondoka zimechubuka magoti na mapaja. Wakapanda mpaka daraja la kwanza. Ubingwa hawakuupata kamwe. Mwaka mmoja walishika nafasi ya pili na mji ukasherehekea wiki nzima. Nimewapenda watu hawa.

Salimu karudi na nyama. Mume akileta nyama siku ya Alhamisi, ujue kuna neno.

Jumapili, 13 Julai
Neno limetoka. Kuna mfanyabiashara wa malori, Bwana Mokoena, anataka kununua nafasi yetu ya ligi. Hapa si ajabu. Timu inapanda kwa jasho, tajiri ananunua nafasi, anaihamisha na kuibatiza upya, msimu unaendelea kama kawaida. Sisi tumepanda mwaka huu.

Salimu, aliyekuwa kipa wetu zamani, ameahidiwa kuwa kocha wa makipa. Kazi ya mshahara. Ana miaka arobaini na mmoja, magoti yamekwisha, na analinda mlango wa ofisi Marshalltown, zamu ya saa kumi na mbili amesimama. Naandika wazi: natamani aipate kazi ile.

Saini inayotakiwa ni yangu. Siku ya kuandikisha timu wenzangu wote walikuwa na karatasi za hifadhi ya ukimbizi au vibali vya muda, na ofisi ya ligi ilitaka kitambulisho cha kudumu. Nilikuwa nacho mimi peke yangu. Tukacheka sana siku ile, mwanamke wa Tanga kumiliki wanaume ishirini. Kwenye karatasi Estrella ni mali yangu.

Jumatano, 16 Julai
Nimemaliza historia. Afadhali nisingeimaliza.

Bei ya shaba ilianguka, nusu ya mgodi ikafungwa, watu wakahama. Viongozi wakauza nafasi ya ligi kwa tajiri wa mji mkuu. Aliahidi jina litabaki, rangi zitabaki, na mechi chache zitachezwa kule kule jangwani. Msimu wa kwanza ikawa hivyo. Msimu wa pili jina likabadilishwa, na jezi za zamani zikatolewa sadaka, marobota kwa marobota. Baadaye tajiri akachoka. Timu ikafutwa.

Jezi zetu. Siwezi kuthibitisha. Nimezitia viraka miaka kumi bila kujiuliza nani alizivua.

Jingine. Katibu aliyetia saini ametajwa kwa jina. Wachezaji wa mechi ya mwisho hakutajwa hata mmoja. Nimeogopa.

Jumapili, 20 Julai
Kikao saluni kwa Papa Ilunga. Bwana Mokoena kaja, mtu mpole, viatu safi. Akaahidi jina litabaki, rangi zitabaki, mechi chache zitachezwa huku huku. Nikamwomba ayaweke kwenye mkataba. Akamgeukia Salimu, akamwambia kumbe mkeo mwanasheria. Watu wakacheka. Hakuyaweka.

Vijana wanne wanataka kuuza. Mmoja akasema, "Eish, mama, hapa tulipo hatuendi popote." Hakusema uongo. Papa Ilunga akasema, "Papier haichezake mupira, Mama Zuhura. Équipe njo batu. Lakini papier iko kwako." Kweli, timu ni watu, ila karatasi iko kwangu.

Mikono ikanyooshwa. Sawa kwa sawa. Salimu aliunyoosha wa kuuza bila kunitazama. Wote wakanigeukia, nikaomba usiku mmoja.

Jumatatu, 21 Julai
Sikusaini.

Nimemwambia Salimu kabla ya chai. Akasema, "Haya." Akajimiminia kikombe chake, akaenda kunywea dirishani.

Nimemnyima mume wangu kazi. Hakuna namna nyingine ya kuliandika hili.

Ijumaa, 25 Julai
Bwana Mokoena amenunua nafasi ya timu nyingine, wala hakuhangaika. Vijana wanne amewachukua, pamoja na kipa wetu. Salimu hakuitwa.

Siku ya tano. Chumvi anaisogeza kabla sijaiomba, kodi ya chumba kalipa, shuka kakunja. Neno hakuna. Bora angenifokea, ningejua pa kushika.

Papa Ilunga nimemsomea historia. Kwenye changarawe alicheka mpaka akazima mashine ya kunyolea. Kwenye sadaka aliiweka mashine mezani. Kisha akasema, "Basi njo siye tulibakia." Sherehe imeahirishwa, hakuna mwenye hamu.

Usingizi hauji vizuri. Sijui niliitetea timu au niliogopa tu jina langu kuandikwa mahali. Pengine yote mawili. Salimu hajui lolote kuhusu katibu yule na sitamwambia, itakuwa kujitetea.

Jumapili, 3 Agosti
Mechi ya kwanza ya msimu. Kipa hatuna.

Asubuhi Salimu, bado bila neno, aliinama chini ya kitanda, akatoa glavu zake, akazipiga pamoja vumbi likatoka, akaondoka. Sikumuuliza. Nikafunga kibanda changu cha kushonea mapema, nikaenda.

Watu kumi na moja kamili, benchi tupu. Nyasi zimekauka. Tulifungwa manne. Mawili yangeingia hata kwa kipa kijana. La tano Salimu aliliokoa kwa goti lile bovu, nikafumba macho. Papa Ilunga alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akawa anapiga makofi tu.

Lifti ya jengo letu bado mbovu. Salimu alipanda ngazi moja moja, ghorofa sita, nikiwa nyuma yake na mfuko. Hakutaka kushikwa. Chumbani alikaa kitandani, akavua soksi taratibu, goti limejaa.

Akasema, "Zuhura, niwekee maji ya moto."

Nikabandika sufuria kubwa.