Baba yake Hilda na kifo cha roboti

Danford, nimeharibu, kaka. Nimeharibu kabisa!

Leo nimempeleka baba yake Hilda banda la video hapa Makambako, kuangalia sehemu ya pili ya ile filamu ya roboti wa angani. Nilitaka anizoee kabla sijapeleka posa.

Yule roboti mkubwa akafa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka na kupiga kelele, "Sehemu ya kwanza ilikuwa kali, hii takataka!"

Kugeuka hivi, mzee analia. ANALIA, Danford! Analilia roboti!

Akasimama mbele ya watu wote. "Amekufa akiwaokoa wenzake, wewe unacheka. Mwanangu akifa utamlilia?"

Mama mmoja aliyetoka kijiji cha Mdandu akaanza kulia, wengine wakafuata.

Mzee kasema kesho tunarudi. Nikilia, nipeleke posa.

Danford, mimi hata msibani kwa babu sikulia.