Baba Mkwe Anajinyima Chakula Ili Tangi la Choo Lisijae

Mpendwa mshauri, naomba usinicheke kwa kuwa habari yenyewe ni ya choo, maana choo hicho kinanimalizia baba mkwe huku naona. Mimi na mume wangu tunaishi ndani ya boti ndogo ya tanga, yeye ni fundi wa boti, tukaona heri tulale hapo hapo gatini kuliko kupanga chumba mbali na kazi yake, na maisha yalikuwa mazuri tu mpaka mama mkwe alipofariki tukamchukua mzee, ambaye kiharusi kimemlegeza mguu, hawezi kushuka ubao kwenda vyoo vya nchi kavu, basi anatumia chetu cha ndani. Sasa choo cha boti, mshauri, hakimwagi kitu baharini, pale bandarini ni marufuku, kila kitu kinaingia kwenye tangi lililo chini ya kitanda, nalo dogo, na likijaa lazima tufungue kamba tuvuke hadi ng'ambo kwenye pampu ya kunyonya uchafu, tupange foleni, mume wangu avae glavu ashike ule mpira wa pampu, na siku moja mpira ulichomoka ukamrushia uchafu kifuani mbele ya wateja wake, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo, taa nyekundu ya tangi ikiwaka tu, anagonga mlango wa choo kwa ngumi na kufoka, "Limejaa tena! Hivi humu tuko watatu au tuko kikosi?" na mzee yupo pale pale, boti yenyewe ukikohoa mbele aliye nyuma anakuambia pole.

Mzee alianza kwa kukataa chai, akisema inamchoma kifua, halafu akapunguza maji, halafu nikaona sahani yake inarudi tupu nikafurahi, kumbe chakula anakimwaga dirishani, nilimfuma na kijiko mkononi, samaki wanagombania chini. Nikamuuliza, "Baba, nimekupikia vibaya?"

Akasema, "Umepika vizuri, mwanangu. Ila kinachoingia lazima kitoke, na kikitoka mumeo anaumia."

Kisha akanishika mkono akaniapisha nisimwambie mume wangu. Sasa suruali anaifunga kwa kamba, midomo imepasuka, jana aliniita kwa jina la marehemu mkewe, na nikimwambia mume wangu kwamba mzee anakonda ananijibu wazee ndivyo walivyo. Nikisema, nimevunja kiapo na kumvua mzee nguo mbele ya mwanawe, nikinyamaza naogopa hata kuandika ninachoogopa. Nifanyeje?

Mkwe wa Botini

JIBU

Bibie, barua yako sikuiweka kwenye foleni. Uliacha namba, nikakupigia siku ile ile, nikakwambia kata simu ukamwambie mumeo. Ukasema. Wasomaji wajue kwamba mzee alibebwa mgongoni na mwanawe mpaka hospitali, kwamba figo zimechoka, na kwamba daktari hakuahidi kitu.

Pole sana. Lakini nitakugombeza hata hivyo. Kiapo gani hicho? Unamfichia mtu aibu yake, humfichii kifo chake. Ulipomfuma na kile kijiko ndipo ulipopaswa kupiga kelele, gati zima lisikie.

Mzee akijaliwa kutoka, tafuteni chumba cha chini nchi kavu mpaka mguu upate nguvu. Kikikosekana, nunueni choo cha kubebeka, kile chenye kidumu kinachochomolewa, mkamwage kwenye choo cha gatini kila asubuhi. Na hilo tangi msingoje taa. Likifika nusu, vukeni. Lisuuzeni kwa maji safi, mpira ubanwe kwa kibano cha chuma, na ulio mkuukuu utupwe. Fundi mzima wa boti anashindwa na mpira! Na neno "limejaa" lisisikike tena mbele ya mzee.

Nawe fundi, kwa sababu mkeo atakusomea haya, nisikilize. Uchafu ulikurukia mara moja ukaona umedhalilika. Ulipokuwa mtoto nani alikutawaza, naye alivaa glavu gani? Sikuiti muuaji. Ulifoka kama watu wanavyofoka wakichoka. Ila maneno yako yalikuwa na mtu wa kuyasikia, akayatii kuliko ulivyokusudia.

Mkeo ameniambia kwamba hata wodini mzee ameyasukuma maji, akamuuliza muuguzi ule mfuko wa mkojo unaoning'inia kitandani unamwagwa na nani. Wewe ulikuwa mlangoni, ukasikia, ukatoka nje kulia.

Bwana, machozi ya nje hayamnyweshi mtu. Rudi ndani. Mwombe muuguzi akuonyeshe, umwage ule mfuko kwa mikono yako, baba yako akikuona. Ukimaliza nawa, kaa karibu naye, umpe maji.