Uso Juu ya Kifuniko

Kijiji cha Kedungpari,
Java ya Kati.
14 Oktoba 2019

Mpendwa kaka yangu, Mas Darsono,

Asalamu aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Balikpapan, ng'ambo ya bahari, wewe, wifi Yulianti na watoto. Je, kifua cha Bagas kimepona? Mwambie wifi amchemshie tangawizi na sukari ya mnazi, kama Mama alivyokuwa akituchemshia sisi. Huku hatujambo. Mvua bado, na kisima kimeshuka. Usingizi wangu si mzuri, lakini nakula.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa una haraka.

Ujumbe wako nimeupata. Kwa siku ya mia ya kumkumbuka Mama unataka ng'ombe, jukwaa na mhubiri kutoka mjini, na watu wako wa shughuli waje tena. Unasubiri nikubali. Kwanza nikueleze arobaini ilivyokuwa, maana wewe uliona picha tu.

Maboksi ya chakula yalikuwa mazuri. Kuku, yai, tambi, kipande cha keki. Juu ya kifuniko uso wako unatabasamu, na chini yake pameandikwa: Sadaka ya Haji Darsono na Familia. Jina la Mama nililitafuta, nikalikuta ubavuni, karibu na jina la mpishi.

Vijana wako waliweka meza langoni. Asiye na kuponi hapiti. Kuponi walizigawa wenyewe, na kibanda cha Mbah Rukiyem, kule nyuma ya mianzi, hawakukifikia. Bibi huyo ndiye aliyenisaidia kumwogesha Mama muda wote wa ugonjwa. Alikuja na kitambaa chake cha kufungia chakula.

"Kuponi, Mbah," kijana akamwambia.

"Kuponi ya nini, mjukuu wangu? Mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua marehemu mgongo."

"Sina la kufanya, Mbah. Nikikupa wewe, watakuja wote."

"Si waje? Sikusikia kwamba ni sadaka?" Akakunja kitambaa chake. "Haya. Mwambie huyo wa kwenye kifuniko nimeshiba kwa kumtazama meno."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa ndani namimina chai, na nilipotoka alikwishaondoka. Jioni nilimpelekea boksi. Alilipokea, akabandua kifuniko, akanirudishia. "Chakula nitakula, Win. Uso rudi nao."

Unalikumbuka kopo la jimpitan la Mama, lile linaloning'inia nje mlangoni, la mchele wa sadaka ya kijiji? Siku moja ulipokuwa mdogo alikutuma ulijaze kabla walinzi wa zamu hawajapita kukusanya, ukatia makapi. Mama aliyamwaga kwa kuku, na kuku wakayaacha. "Kuku amekataa, halafu umpelekee Mungu?" Kisha akatuketisha kizingitini, akatueleza alivyofundishwa utotoni msikitini: neno sadaka limetoka kwa Waarabu, na mzizi wake ni ukweli. Mtu husema kwa mdomo kwamba anaamini, kwamba anapenda. Anachokitoa ndicho kinachoonyesha kama alisema kweli. Wewe ukamuuliza, "Na asiyetoa, Mak?" Akasema, "Huyo hajasema kitu bado. Anayetoa makapi amesema uongo."

Baada ya mazishi nililisahau kopo hilo. Sikutia hata punje. Juzi alfajiri nafungua mlango, namkuta Mbah Rukiyem amesimama kwa ncha za vidole, anatia mchele wake.

"Tangu lini, Mbah?"

"Tangu tumzike. Walinzi hawajawahi kuiruka nyumba hii. Sitaki waanze sasa."

"Lakini wewe mwenyewe huna."

"Nyamaza. Kaniinjikie sufuria ya chai, nimesimama sana."

Mas, wiki ya mwisho Mama aliniuliza kila asubuhi kama basi la kutoka bandarini limefika. Nilimjibu bado. Ubao wako wa maua ya rambirambi ulifika hata kabla hajaoshwa. Ulikuwa mkubwa, ukaziba dirisha lake. Wewe hukufika.

Kwa hiyo nakataa. Usitume ng'ombe, wala watu. Siku ya mia nitapika mwenyewe wali na mboga za nazi, na Mbah Rukiyem atakaa mkeka wa mbele. Ukija, njoo mikono mitupu. Kopo liko palepale, kwenye msumari ulioupigilia wewe. Mchele uko jikoni.

Kile kifuniko ninacho bado. Kukitupa siwezi, ni uso wa kaka yangu. Kukiweka karibu na picha ya Mama pia siwezi. Kimelala kifudifudi juu ya kabati.

Nisalimie wifi, Bagas na mdogo wake Ningsih. Baba mdogo Karto anakusalimu, na Mbah Rukiyem pia. Aliniambia nisisahau kukuandikia hilo. Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Mdogo wako, ambaye hajaacha kukupenda,

Winarsih