Kisanduku Kilichomjibu Mzee Okiror

Busia, upande wa Uganda
Jumatatu jioni, baada ya kazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa, umenyoosha mguu, na goti limepoa. Joshua ameniambia unapanda kwenda kwenye machungwa kila asubuhi kama mtu ambaye hajawahi kuumwa, na wewe kwenye simu unaniambia unapumzika. Mmoja wenu ni mwongo, na mdogo wangu huwa hadanganyi. Mimi ni mzima wa afya. Kazini ni yale yale: makaratasi ya malori, mihuri, na madereva wanaotaka kuvuka jana. Nimeamua kuandika kwa sababu hadithi niliyo nayo ni ndefu, na kwenye simu ungenikatiza kuniuliza nimekula nini. Nimekula, Mama. Nimenenepa hata.

Unamkumbuka Stella, yule ninayekaa naye meza moja ofisini? Kwao ni Mella, huko Tororo, ni Mteso. Baba yake, Mzee Okiror, ana kikundi cha akogo. Akogo ni kama ile marimba ya mkono ya Wagogo, vyuma vyembamba juu ya sanduku la mbao, unavibonyeza kwa vidole gumba. Ziko ndogo, ziko za kati, na iko moja kubwa inayonguruma chini. Hiyo kubwa ndiyo ya mzee. Mwaka jana akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Tangu hapo hiyo akogo ilifunikwa gunia na hakuna aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi.

Sasa Stella alikuwa anaolewa. Katika ukoo wao hakuna harusi iliyowahi kufanyika bila kikundi hicho, na mzee akasema wazi mbele ya watu: kama yeye hapigi, hakuna akogo itakayolia kwenye harusi ya binti yake. Stella akawa analia juu ya makaratasi ya forodha mpaka wino unasambaa. Akaniambia, "Wewe una ile mashine yako. Fanya kitu."

Mashine ni ile niliyokutumia picha ukadhani ni mizani. Ni kisanduku bapa chenye vitufe vya kukanyaga. Unachomeka gitaa, na kisanduku kinaigeuza sauti yake utakavyo: kinaishusha, kinaivuta, kinairudia, kinaipindua mwisho ukawa mwanzo. Baba wa watu aliyeniuzia alikuwa anaitumia sauti mbili tu, masikini. Mimi nina daftari zima la sauti nilizozitengeneza, na kila moja nimeipa jina. Iko moja inaitwa Breki za Lori. Najua unatikisa kichwa.

Basi nikachukua rekodi ya zamani ya kikundi kutoka simu ya Stella, nikajifungia chumbani kila siku baada ya kazi. Nilishusha sauti ya gitaa chini kabisa, nikaikata mkia ili isivume, nikapitisha kipande cha karatasi katikati ya nyuzi, halafu nikaongeza mkwaruzo kidogo, maana vile vyuma vya mzee vina mtetemo wa kutu unaokuna sikio. Jirani yangu, mama anayebadilisha pesa pale mpakani, alinigongea kuniuliza kama nimeleta jenereta ndani. Wiki ya pili nikaipata. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa siisikii gitaa tena, nilikuwa namsikia Mzee Okiror.

Jumapili tukaenda Mella baada ya ibada. Nilikaribishwa vizuri sana, nikala ule ugali wao wa mhogo na ulezi wanaouita atap, nikachomeka vitu vyangu kwenye betri ya sola na spika ya kanisa. Nikapiga. Etyang, mdogo wake mzee anayepiga akogo ya kati, akaingia nami bila hata kufikiri. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilijiona nimefika, Mama, nakwambia kweli. Ndipo nikaona mzee ameinuka, amekokota kiti chake kwa mkono mmoja, amekwenda kukaa nyuma ya jiko akitupa mgongo.

Nikamfuata. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, taratibu, "Mutanzania. Kwenu mutu nakuwa mugonjwa, nyinyi navaa viatu yake?"

Nikachuchumaa kando ya kiti chake.

"Mimi bado iko," akasema. "Sijakufa. Hiyo sauti nakaa ndani ya mimi, sasa wewe natoa, naweka kwa sanduku. Mimi nabaki na nini?"

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu siku ile nilipoangusha keki ya ubarikio wa dada Eliza. Nilikuwa nimeshughulika na chuma, karatasi na kutu, na mwenye sauti sikumwuliza hata neno moja. Mimi na Stella tukarudi Busia nyuma ya bodaboda, mashine nimeipakata.

Wiki nzima sikuigusa mashine. Ila ile rekodi ilikuwa imeshaniingia kichwani, na siku moja nikiwa nagonga mihuri nikaisikia kwa namna nyingine. Kidole cha kushoto cha mzee kinauliza, cha kulia kinajibu, nyuma yake kidogo, na juu zaidi. Kila mara ni hivyo. Na kidole cha kushoto hakina ugonjwa wowote. Kisanduku changu kinajua kushika noti, kuisubirisha, kisha kuirudisha ikiwa imepanda. Niligonga muhuri juu ya meza badala ya karatasi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na kisanduku, bila gitaa. Kwanza niliomba radhi, kwa magoti, kama ulivyotulea. Kisha nikamwomba nibandike kwenye akogo yake kipaza sauti kidogo, saizi ya sarafu, kinachopeleka sauti kwenye kisanduku. Akakataa. Etyang akambembeleza kwa Kiteso, akakataa tena. Stella akaanza kulia, na nadhani ni kwa kuchoshwa na kilio ndipo mzee alipovuta gunia, akaniacha nibandike, akaweka akogo mapajani, akabonyeza chuma kimoja kwa ukali ili tumwache.

Spika ikamjibu.

Mama, alishtuka, akageuka kutazama nyuma ya nyumba kuona nani kajificha. Tulicheka mpaka Etyang akakaa chini. Mzee akabonyeza tena. Akajibiwa. Akabonyeza vitatu haraka haraka kuitega, ikamjibu vyote vitatu. Ndipo akaanza kunisumbua: "Huyu mutu nachelewa. Ambia yeye aharakishe." Nikapunguza kusubiri. "Sasa narukia mimi kwa mdomo." Nikaongeza. "Nalia kama mutoto." Nikaishusha na kuipaka kutu. Tulibishana hivyo mpaka kuku wakaanza kuingia bandani, na sijawahi kufurahia kugombezwa namna hiyo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekwisha kupata nguvu, kwa hiyo nikamfundisha kukanyaga kitufe cha kuwasha na kuzima. Baada ya Jumapili tatu mfululizo kikundi kizima kilikuwa kimerudi uani.

Harusi imekuwa juzi, Jumamosi. Stella alipendeza sana na hakulia, maajabu. Baada ya kanisa wakaja nyumbani, mzee akakaa mbele na akogo yake, mguu juu ya kisanduku, na sauti ikatoka nene, ya kushoto ikiuliza, ya kulia ikijibu. Wapo wazee waliojifuta macho. Mimi nilijifanya nashughulika na nyaya.

Lakini nilikuwa nimesahau jambo moja. Kisanduku hakina macho. Wachezaji walipochangamka wakataka mwendo uongezeke, mzee akawafuata, nacho kikabaki palepale, kikijibu maswali ya zamani. Nikaona mambo yanaanza kukorogeka, nikaruka kwenda kurekebisha. Mzee akanizuia kwa kidevu: kaa. Halafu akakanyaga kitufe, akakizima.

Akaendelea na kidole kimoja. Swali, halafu kimya. Swali, halafu kimya. Mara mbili, mara tatu, na watu wanaendelea kucheza juu ya ule uwazi. Ndipo Etyang akaacha sehemu yake mwenyewe na kuingia pale pale, kwenye nafasi ile ile, akajibu. Majuma yote yale ya kusikiliza mashine yalikuwa yamemfundisha jibu linakaa wapi. Mzee hakumtazama. Alifumba macho akacheka kwa sauti, na kasi ikapanda mpaka bibi harusi akavua viatu.

Katikati ya hapo akaniita, "Mutanzania! Gitaa iko wapi? Piga ya wewe. Si ya mimi, ya wewe." Nikakirudisha kisanduku kwenye gitaa yangu, nikapiga Breki za Lori, ile sauti inayorudi kinyumenyume ikihema, na hakuna aliyenifukuza. Shangazi mmoja aliniambia imemkuna tumboni. "Eyalama noi," akasema, yaani asante sana, kwa hiyo nahesabu kuwa ni sifa.

Nisalimie dada Eliza na shemeji, bibi yangu mwenye maneno, na mwalimu wa kwaya aliyenionyesha nyuzi sita za gitaa kwa mara ya kwanza. Joshua mwambie aendelee kukupeleleza. Stella na mumewe wanakuamkia.

Mzee Okiror naye alinipa ujumbe kwako wakati naaga. Sasa kikundi kinakutana kila Jumapili, na viti amevipanga upya mwenyewe. Alisema, "Ambia mama yako, mutoto yake nakaa upande yangu ya kulia." Ndiko kiliko kiti changu, Mama, upande wa ule mkono uliolala.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Neema