Sauti Yako Katika Simu ya Mama

Baba mpenzi,

Tangu tukuzike Karungu sijakuandikia. Leo imenibidi, kwa sababu wiki iliyopita uliongea na mama.

Unaikumbuka ile kompyuta yako ya kwanza, pale dukani Awendo, ulipokuwa ukiwachapia watu kazi zao? Vumbi la malori ya miwa liliingia hadi kwenye vitufe. Haikuwa na neno la siri. Aliyeketi mbele yake alisoma kila kitu. Nilipokuuliza kama huogopi wezi, ulicheka: "Mwizi atapitia wapi, Akinyi? Mlango ni huu mmoja, na mimi nimekaa hapa." Hata diski ya mwalimu mmoja ilipotuletea virusi, tulijua imetoka mkononi mwa nani.

Simu uliyotuachia inafunguka kwa alama ya kidole. Kidole chenyewe tumekizika. Niliizima, nikaifungia kabatini kwangu Homa Bay.

Basi mchana ule nilikuwa Karungu kwa mama, naye akianika dagaa wa omena, simu yake ikalia. Jina lako likatokea. Akaipokea kwa spika.

"Min Akinyi," ulisema, ukimwita mama wa Akinyi kama siku zote. "Umeamkaje?"

Ilikuwa sauti yako, Baba, hata kile kikohozi kidogo kabla ya kusema.

"Wuon Akinyi? Baba Akinyi?" mama alinong'ona.

"Ni mimi. Kuna namba zimeingia kwenye simu yako. Nisomee."

Nilimpokonya simu. "Wewe ni nani?"

Ukajibu kwa upole: "Akinyi, mbona unanifokea?"

Nikakata.

Fundi wa simu pale Migori aliniambia kuna watu wameiteka akaunti yako ya mtandaoni, hata bila simu yako. Walichukua zile jumbe za sauti ulizokuwa ukitutumia, wakaifundisha mashine kusema kama wewe. Namba walizotaka ni za kufungulia pesa za mama. Wako nchi gani, hajui. Nilitaka kuizuia namba yako isipige tena. Mama akaishika simu kifuani.

"Mama, huyo si Baba."

"Najua si yeye. Namba sitamsomea. Lakini nani mwingine huniuliza nimeamkaje?"

Nimeshindwa kumlazimisha. Mimi pia nina hamu ya kukusikia, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Jana nilienda Karungu kumwona mama. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikasimama nje, nikawasikia mkicheka.

Pumzika, Baba, kama watakuruhusu.

Binti yako,
Akinyi