Ndege Niliyemnyima Neema

Babu, shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Siku ya kuanua matanga waligawa vitu vyako. Mimi nilipata sweta, bado linanukia tangawizi. Darubini yako ya kuonyeshea watalii ndege alipewa Neema. "Huyu ndiye mchangamfu, wageni atawaweza," alisema baba mkubwa, yaani baba yake. Wote wakakubali. Hata mimi nilikubali, Babu. Kisha nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Ulituita wake zako, mimi bi mkubwa, Neema bi mdogo, watu wakacheka. Basi huu ni wivu wa kweli. Nikimwona na darubini yako shingoni, natamani mkanda ukatike.

Na kuna jingine. Ile siku uliyotupeleka msituni, Neema alimwona mara moja yule ndege wako wa tumbo jekundu, akaruka-ruka. Ukaniuliza, "Na wewe mke wangu, umemwona?" Nikasema ndiyo. Sikumwona. Ukaandika kwenye daftari lako kwamba nimemwona, ukafa ukiamini.

Jumamosi Neema alipeleka wageni wawili msituni, mimi nikabeba chai. Kiingereza kinamtiririka, changu kinaishia kwenye mitihani. Akazungusha darubini huku na huku akitafuta wekundu. Mimi nikakumbuka ulivyosema: "Usitafute tumbo. Akiona watu huwapa mgongo, na mgongo wake ni kijani. Tafuta jani lisilotikisika wenzake wakitikisika."

Upepo ukapita. Kila kitu kikayumba, isipokuwa kimoja, hatua kama kumi kutoka kwetu. Mara kikaruka, kikachopoa kiwavi kwenye jani, kikageuka. Babu, jekundu! Jekundu kabisa!

Ilikuwa kunyoosha kidole tu. Nilifungua chupa, nikamimina chai.

Wageni wakaondoka bila kumwona. Njia nzima Neema alitembea akitazama chini, darubini ameivua shingoni. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Hivi Babu alikuwa anamwonaje?" Nikamwambia sijui.

Ule uongo wa kwanza umekuwa kweli, nami nimeshatunga wa pili.

Jumamosi ijayo ana wageni wengine. Nitanyoosha kidole, Babu, na maneno yako nitampa yote. Naahidi. Ila mpaka siku hiyo, niachie ndege wako awe wangu peke yangu.

Lala salama, mume wangu.

Bi mkubwa wako